Wimbo Ni wa Nani? Toka Uwanja wa Bagika Mpaka Kwenye Simu

Nianze na swali la kitaa. Wewe una nyimbo ngapi? Siulizi unazijua ngapi. Nauliza unazo ngapi, zako mwenyewe, ambazo hakuna mtu anaweza kuja kukunyang'anya. Swali hili nimewauliza washkaji zangu wa Mabatini na Igogo, wengi wakacheka. Mmoja akanionyesha simu, "Zote zimo humu, mjomba." Nikamwambia zima data. Akazima. Zilizobaki zilikuwa nyimbo nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa milio ya simu.

Siku hizi ukikaa kijiweni mjadala ni mmoja. Huyu anasema mtandao umemkomboa msanii, maana wimbo ukirekodiwa Nyakato asubuhi, jioni unasikika Muscat. Yule anasema mtandao umemnyonga msanii, maana hakuna tena anayenunua wimbo. Wote wawili wanaongea kama vile historia ilianza siku walipofungua YouTube kwa mara ya kwanza. Mimi nasema hapana. Huku kwetu ziwani swali la wimbo ni wa nani lina umri mkubwa kuliko simu, kuliko redio, kuliko hata jina la Tanzania. Tukilifuata tangu huko tutaona kwamba mwanamuziki wetu hajapoteza umiliki juzi. Karibu wakati wote hakuwa nao. Aliyepoteza kitu safari hii ni wewe msikilizaji, na hasara yako ina njia ya kurudi kwa msanii.

Uwanjani

Ukishika barabara ya Musoma, ukapita Igoma, unafika Kisesa, na hapo ndipo ilipo Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyojengwa kwa juhudi za padri Mkanada, David Clement. Kila mwaka mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, huchezwa hapo ngoma za Bulabo. Wageni wengi wanakwenda kumwangalia nyoka akichezewa shingoni. Mimi nakushauri uwaangalie watu.

Ngoma za Usukuma ziko pande mbili, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanasema chanzo ni mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na wa dawa, waliobishana nani ni zaidi. Utaratibu wa mashindano hata mtoto anauelewa. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Watu wanakwenda wanakotaka. Wakichoshwa huku, wanahamia kule. Mwisho wa siku wenye watu wengi ndio washindi. Ndiyo maana dawa za mvuto zilitafutwa kwa udi na uvumba. Leo tunahesabu watazamaji kwenye YouTube tukidhani ni jambo geni. Wasukuma waliwahesabu kwa macho, kwa kuangalia vumbi limeelekea wapi.

Sasa katika uwanja ule wimbo ulikuwa wa nani? Manju alijulikana. Alijitaja kwa jina ndani ya wimbo wake, akamtaja baba yake na kijiji chake, akawataja waliomwalika, na hasimu wake akamtaja kwa kejeli za kifundi. Kule kujitaja ndiko kulikokuwa hakimiliki yake. Ukiuimba wimbo wake shambani wakati wa kulima, unamtangaza bila kulipwa. Naye hakukasirika, kwa sababu pesa yake haikutoka kwenye wimbo uliokwisha kuimbwa. Ilitoka kwa mtu aliyeingia uwanjani kumtuza, na kwa mwaliko mwingine baada ya mavuno. Msikilizaji aliondoka na wimbo mdomoni, na mdomo haunyang'anywi.

Nataka tuushike mfano huo kama mizani. Wimbo ulikuwa wa wote, jina lilikuwa la mmoja, na hao wawili, mwimbaji na msikilizaji, walionana uso kwa uso.

Santuri na tepu

Wimbo ulipoanza kuwekwa ndani ya kitu, ulianza pia kuwa na mwenye kitu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walitoka Unguja wakaenda Bombay kurekodi santuri za HMV. Tangu hapo mtu mwenye gramafoni, awe Mombasa au Mwanza, aliweza kumiliki sauti ya mtu ambaye hajapata kumwona. Sauti ikaachana na uso. Kwa msikilizaji ilikuwa neema. Kwa mwimbaji ilikuwa mwanzo wa kuwa na mtu wa kati: mwenye mashine, mwenye duka, mwenye lebo.

Baada ya uhuru tulikuwa na bendi karibu kila mji mkubwa, lakini kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho. Santuri zilitoka Nairobi. Bendi iliyotaka kusikika ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam ikarekodi, nyimbo zikapigwa nchi nzima, tepu zikabaki kwenye rafu za redio. Vyombo navyo mara nyingi vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na ndivyo ilivyokuwa kwa bendi nyingi za mashirika na majeshi. Hebu piga hesabu: gitaa la chama, tepu ya redio, santuri ya kiwanda cha jirani. Cha mwanamuziki kilikuwa jina lake na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Na jirani mwenyewe tukakosana naye. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa tena 1983. Mtu wa ziwani lazima alishangaa, kwa sababu muziki wa ziwa haukuwahi kuujua mpaka huo. Mfano ni Daniel Owino Misiani. Alizaliwa 1940 Shirati, upande wetu, katika mkoa unaoitwa leo Mara. Akaenda Kenya, akaanzisha Shirati Jazz, akaitwa mfalme wa benga, akaimba kwa Kijaluo mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 2006 karibu na Kisumu. Jina la kijiji cha Tanzania likawa limeandikwa kwenye santuri za Nairobi. Mafumbo yake juu ya wakubwa yaliwahi kumfikisha rumande. Lakini mtu aliyekwisha kununua santuri yake, awe Homa Bay au Musoma, aliendelea kuipiga. Hili naomba ulikumbuke, tutalirudia: mwimbaji anaweza kukamatwa, redio inaweza kukatazwa, lakini santuri iliyo ndani ya nyumba ni ya mwenye nyumba.

Kanda

Kanda ndiyo iliyotufanya sisi watu wa chini kuwa wamiliki. Mjomba wangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha samaki, na mali zake za thamani zilikuwa baiskeli, redio na boksi la kanda. Kila kanda aliiandika kwa kalamu: jina la bendi, tarehe aliyoipata, halafu jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa. Ukiiazima unaandikwa daftarini. Alipofariki, nikiwa darasa la sita, kanda zile ziligawanywa kwenye kikao cha familia pamoja na mashati. Mimi nilipata saba. Mbili bado zinalia mpaka leo, ingawa sauti imechakaa.

Lakini tusimpambe marehemu kupita kiasi. Zaidi ya nusu ya kanda zake zilikuwa za kukopi. Redio yenye sehemu mbili za kanda ilitosha: unaweka ya mwenzio huku, tupu kule, unabonyeza. Msanii hakuona hata senti. Na zile zilizouzwa kihalali dukani nazo zilikuwa na mambo yake. Msanii alipeleka masta kwa wasambazaji wachache wa Kariakoo. Akapewa mshiko wa mara moja, au akaahidiwa kiasi fulani kwa kila kanda. Idadi ya kanda zilizouzwa aliihesabu msambazaji mwenyewe. Hapo ni kumpa fisi ulinzi wa bucha.

Sheria ilikuja kushughulikia mambo haya vizuri zaidi mwaka 1999, Sheria Na. 7 ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyozaa COSOTA. Kwa sheria hiyo kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwenye karatasi ni kitu kikubwa. Mtaani kanda ziliendelea kukopiwa.

Hata hivyo katika enzi hiyo hiyo uhusiano wa msikilizaji na muziki ulikuwa na uhai wa aina yake. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango wa redio binafsi, na hapa hapa Mwanza ikazaliwa Radio Free Africa. Nani wa kanda ya ziwa asiyekumbuka kadi za salamu? Mtu wa Geita anajaza kadi, anataja majina ya ndugu na jamaa, anachagua wimbo, mtangazaji anasoma mpaka pumzi inamwishia. Wimbo ulikuwa wa msanii, lakini kwa dakika zile ulikuwa umetumwa na fulani kwenda kwa fulani. Tazama, ni uwanja ule ule wa Bagika na Bagalu kwa njia nyingine. Watu wanapenda kutajwa.

Kabla sijaondoka kwenye kanda, nimtaje Saida Karoli. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, alitoka dada huyu akiimba Kihaya na kupiga ngoma, na mwaka 2001 wimbo wake wa Maria Salome, ambao wengi waliuita Chambua Kama Karanga, ukashika nchi nzima, hata watu wasiojua neno moja la Kihaya. Miaka 15 baadaye, 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny wakautumia kutengeneza Salome. Safari hii mamilioni ya watu waliusikia kwenye YouTube, na wengi wa rika langu ndipo walipokwenda kuutafuta ule wa kwanza. Jiulize: YouTube imeanza 2005. Mkataba wowote wa muziki uliosainiwa nchi hii mwaka 2001 ungejua nini kuhusu YouTube? Ulizungumzia kanda. Aliyeandika "haki zote" kwenye karatasi ya enzi zile aliuza hata kitu ambacho hakijazaliwa. Mshtuko huo umewakuta wasanii wengi wa rika lake.

Memori

Baada ya kanda zikaja CD, kisha zikaja simu za bei nafuu zenye memori kadi. Pale Makoroboi na karibu kila stendi palikuwa na kijana mwenye kompyuta. Unampa memori na shilingi chache, anakujazia nyimbo mia, bongo fleva, za Kikongo, za Kisukuma, injili, zote humo humo. Msanii hakulipwa kabisa. Serikali ilijaribu kuweka stempu za kodi za TRA kwenye CD tangu 2013, lakini memori kadi haibandikwi stempu.

Hata hivyo tuwe wakweli: kilichoingia kwenye memori kilikuwa cha mwenye memori. Uliweza kumrushia mwenzako kwa bluetooth kwenye kivuko cha Kamanga, bila bando, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nyimbo nyingi za Kisukuma zilifika Ukerewe na Sengerema kwa njia hiyo, wakati redio kubwa za Dar zilikuwa hazizipigi.

Ruhusa

Ndipo tukafika hapa tulipo. Boomplay ilianza 2015 na ikaingia ndani ya simu za Tecno kabla hujaiomba. Spotify ilifungua huduma zake Tanzania Februari 2021. Kinachouzwa humo siyo wimbo. Kinachouzwa ni ruhusa ya kusikiliza. Usajili ukiisha, ruhusa imeisha. Mkataba kati ya kampuni na mwenye haki ukivunjika, wimbo unayeyuka na huambiwi. Hata zile unazozishusha ili usikilize bila bando zimefungiwa ndani ya programu. Huwezi kuzitoa ukampa mtu. Boksi la mjomba liligawiwa warithi. Orodha yangu ya nyimbo itagawiwa vipi?

Na pesa je? Watu wengi wanadhani ukilipia usajili ukamsikiliza msanii mmoja tu mwezi mzima, pesa yako inakwenda kwake. Hapana. Spotify yenyewe inasema karibu theluthi mbili ya mapato ya muziki inakwenda kwa wenye haki, lakini pesa hizo zinatupwa kwanza kwenye chungu kimoja, kisha zinagawanywa kwa kadiri ya strimu za kila mmoja. Mkulima wa Sengerema anayemsikiliza manju wake peke yake anachangia chungu ambacho mgawo wake mkubwa unakwenda kwa wakubwa wa Dar na Lagos. Tena kuanzia 2024 wimbo ambao haujafikisha strimu 1,000 katika miezi 12 haupati mgawo wa rekodi hata kidogo. Pale uwanjani mtu mmoja mwenye noti moja alikuwa mteja kamili. Kwenye chungu mtu mmoja ni sehemu ndogo ya desimali.

Lakini mfano ulionifumbua macho zaidi ni wa mji wetu wenyewe. Novemba 2018 Rayvanny na Diamond walitoa wimbo ulioitwa Mwanza. BASATA wakaufungia kwa madai ya kukiuka maadili, wakaagiza uondolewe mitandaoni. Desemba wasanii hao wakaupiga jukwaani hapa Mwanza kwenye tamasha la Wasafi, BASATA wakawafungia kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi. Wakaomba radhi, na Januari 2019 adhabu ikaondolewa. Sitaki kubishana hapa kama wimbo ule ulikuwa na maadili au la. Kila mtu na sikio lake. Ninachotaka uone ni njia iliyotumika. Zamani kufungia wimbo kulimaanisha redio isiupige. Sasa agizo linafika mpaka mfukoni mwako. Aliyekuwa ameushusha kwenye memori alibaki nao. Aliyekuwa anautegemea mtandao alitegemea huruma ya watu wengine. Unakumbuka santuri ya Misiani? Tofauti ndiyo hiyo.

Ndiyo maana nasema hasara ya msikilizaji inarudi kwa msanii. Msikilizaji mwenye kitu chake mkononi ni mlinzi wa msanii. Ni yeye aliyehifadhi nyimbo ambazo redio ilizisahau, na ni kwake watafiti na watoto wa marehemu wanakwenda kubisha hodi wakitafuta nakala.

Majina

Sasa tuseme mtandao ni balaa tupu? Hapana, na ushahidi uko kwa manju wa leo. Mtafute Bhudagala Mwanamalonja kwenye YouTube, au wenzake wanaoimba Kisukuma. Soma majina ya video zao. Nyingi zinataja watu: harusi ya fulani, ujumbe kwa familia ya fulani. Mwenyeji ndiye mteja. Anamwalika manju, anatajwa yeye na ukoo wake, anamtuza. Video inayowekwa mtandaoni inafanya kazi ya tangazo, ili mwenyeji mwingine wa Shinyanga au Simiyu naye atamani kutajwa. Hawa jamaa hawakusubiri mgawo wa chungu. Wameuchukua uwanja wa Ngika na Gumha wakauingiza kwenye simu, na pesa inatoka pale pale ilipokuwa inatoka, kwa mtu anayejulikana kwa jina.

Kuna swali moja tu linalonitia wasiwasi kwenye mpango huo: chaneli ni ya nani? Mara nyingi video haiko kwenye chaneli ya mwimbaji. Iko kwenye chaneli ya studio au ya mpiga picha, na pesa ya matangazo inamfuata mwenye chaneli. Tumehama kutoka tepu ya redio kwenda chaneli ya studio. Kama hakuna karatasi iliyoandikwa nani ni nani, basi miaka 15 ijayo atatokea kijana mwenye kipaji, atautengeneza upya wimbo wa mzee, na mzee atausikia kwenye bajaji kama abiria mwingine yeyote.

Vijana wenzangu tunaoandika, hili halituhusu kwa mbali. Shairi unalolitupia kwenye ukurasa wa mtandao na hadithi unayoitumia kampuni ya programu fulani vinapita njia ile ile. Ukipewa karatasi, isome. Ukikuta "haki zote", uliza zipi na kwa miaka mingapi. Kazi yako iandike tarehe na jina, uwe na nakala iliyo nje ya mtandao, hata kama ni kwenye daftari. Na ukiwa msikilizaji, basi mara moja moja nunua kitu kinachoshikika: CD pale inapouzwa, tiketi ya onyesho, wimbo ambao unaweza kuushusha ukabaki nao. Mwezi Juni nenda Kisesa. Ukipendezwa ingia uwanjani umtuze manju mkononi mwake, umwambie jina lako. Uwezekano ni mkubwa atakutaja.